TAHARIRI: Kabla hujamwita straika garasa, soma karatasi ya Waitalia

Jumatatu asubuhi kijiweni kuna hukumu zisizo na rufaa. Straika hajafunga mechi tatu, basi ni garasa, arudishwe alikotoka. Winga katupia mawili, basi ni mashine, apewe mkataba mpya leo leo. Beki wa kati aliyeokoa hatari tano hatajwi kabisa, mpaka siku atakayoteleza mara moja tu. Hapo ndipo jina lake linajulikana mtaa mzima.

Leo tunawaomba mashabiki wa soka tutoke kidogo kwenye uwanja wetu. Twende Italia, lakini tusiende San Siro. Twende kwenye ligi yao ya mpira wa kikapu, ambayo nayo inaitwa Serie A, tukaone wenzetu wanavyompima mchezaji baada ya mechi. Hatusemi mtu aache soka ahamie kikapu. Tunasema kwamba ile karatasi moja ya takwimu inayotoka baada ya filimbi ya mwisho ina haki ambayo sisi watu wa soka bado hatujaizoea.

Na tusiidharau ligi hiyo. Varese, mji mdogo kaskazini mwa Italia, klabu yake ilicheza fainali 10 mfululizo za Kombe la Klabu Bingwa Ulaya, kuanzia 1970 hadi 1979, ikabeba makombe matano. Real Madrid ya soka ilitisha kwa kubeba matano mfululizo, 1956 hadi 1960, lakini fainali 10 mfululizo za kombe hilo hakuna klabu ya soka iliyowahi kuzicheza. Dino Meneghin, jitu la katikati la Varese, alikuwemo katika fainali zote 10. Kobe Bryant naye alikulia Italia tangu akiwa na miaka sita, wakati baba yake Joe anachezea klabu za huko, na hata alipokuwa nyota wa Lakers hakuficha kwamba moyo wake kwenye soka uko AC Milan. Kwa hiyo tunakokwenda si ugenini sana.

Sasa tuifungue hiyo karatasi.

Kila mchezaji ana mstari wake mmoja. Unaanza na dakika alizocheza na pointi alizofunga. Mpaka hapo ni kawaida, hata sisi tunaweza. Shughuli inaanza kwenye safu zinazofuata. Faulo zina safu mbili: alizocheza yeye na alizochezewa. Mitupo imegawanywa mafungu matatu, ya pointi mbili, ya pointi tatu na mitupo huru, na kila fungu linaonyesha ametupa mingapi na imeingia mingapi. Ribaundi ziko za kushambulia na za kukaba. Mitupo ya wapinzani aliyoizuia imeandikwa, na pembeni yake imeandikwa ya kwake iliyozuiwa. Mipira aliyopoteza ipo, na mipira aliyopora ipo. Kisha asisti. Mwisho kuna namba mbili za kufunga hesabu, ambazo tutazirudia.

Umeona kitu? Karibu kila jambo limeandikwa pande mbili. Alichotoa na alichopokea. Alichojenga na alichobomoa. Hata kwenye karatasi ya kawaida ya NBA, pamoja na ukubwa wote wa ligi ile, huikuti safu ya faulo alizochezewa mchezaji. Waitalia wanaiweka, kwa sababu mtu anayewalazimisha wapinzani wamchezee faulo anaifanyia timu kazi hata kama jina lake halitangazwi kwenye spika.

Tulinganishe na kwetu. Winga anachezewa faulo sita, anampatia beki wa wapinzani kadi ya njano, anaizalia timu frikiki mbili karibu na boksi. Akitoka bila bao tunasema leo hakuwa na mchezo. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Tuchukue mfano wa kutunga, tuone karatasi inavyofanya kazi. Mchezaji wa kwanza kafunga pointi 24. Kijiweni huyo ndiye nyota wa mechi, mjadala umefungwa. Lakini tusome mstari wake wote. Mitupo ya pointi mbili ametupa 14, imeingia sita. Ya pointi tatu ametupa tisa, imeingia miwili. Mitupo huru minane, imeingia sita. Ribaundi mbili, asisti moja. Amechezewa faulo tano, yeye amecheza nne. Amepoteza mipira mitano, hajapora hata mmoja, na mtupo wake mmoja umezuiwa.

Mchezaji wa pili ana pointi nane tu. Ametupa mitano ya pointi mbili, imeingia minne. Ribaundi tisa, asisti sita, amepora mipira mitatu, amezuia mtupo mmoja. Amepoteza mpira mmoja, amecheza faulo mbili na kuchezewa mbili.

Hapo ndipo inapokuja ile namba ambayo Waitalia wanaiandika kwa kifupi Val, yaani tathmini. Hesabu iliyozoeleka Ulaya ni nyepesi, hata wa darasa la tano anaiweza. Jumlisha mazuri yote: pointi, ribaundi, asisti, mipira aliyopora, mitupo aliyozuia na faulo alizochezewa. Kisha toa mabaya yote: mitupo aliyokosa, mitupo huru aliyokosa, mipira aliyopoteza, mitupo yake iliyozuiwa na faulo alizocheza.

Yule wa pointi 24 ana mazuri 32. Mabaya yake ni mitupo 15 aliyokosa, mitupo huru miwili, mipira mitano, faulo nne na mtupo mmoja uliozuiwa. Jumla 27. Anabaki na 5. Yule wa pointi nane ana mazuri 29 na mabaya manne. Anabaki na 25.

Soma tena hapo. Mtu wa pointi 24 ana tathmini ya 5, mtu wa pointi nane ana 25. Wa kwanza kafunga, ndiyo, lakini kala mipira ya timu nzima ili afunge. Wa pili hana kelele, lakini kila alipogusa mpira timu ilifaidika. Straika anayepiga mashuti tisa nje ili afunge moja, na kiungo mkabaji anayenyang'anya mipira 10 na kuitoa salama, ni watu hawa hawa wawili.

Wapo watakaosema namba zinamdhalilisha mfungaji. Hapana. Mfungaji ana heshima yake, na Italia inawaheshimu kweli kweli. Carlton Myers alifunga pointi 87 katika mechi moja ya daraja la pili mwaka 1995 akiwa na Rimini, na mpaka leo namba hiyo inatajwa kwa kushangaa. Mbrazili Oscar Schmidt alicheza Caserta, kusini mwa Italia, kuanzia 1982 hadi 1990, akawa mfungaji bora wa ligi mwaka baada ya mwaka. Alifunga mpaka watu wakachoka kuhesabu. Aliipeleka Caserta fainali za ubingwa 1986 na 1987, zote ikafungwa na Milano.

Mwaka 1990 Oscar akaondoka kwenda Pavia. Mtu wa kijiweni angesema Caserta imekwisha, inashuka daraja. Msimu uliofuata, 1991, Caserta ikachukua ubingwa wa Italia, klabu ya kwanza ya kusini kufanya hivyo, na fainali ikamfunga yule yule Milano. Vijana waliolelewa hapo hapo, kina Nando Gentile na Vincenzo Esposito, wakawa mabingwa chini ya kocha Franco Marcelletti.

Hatusemi Oscar alikuwa mzigo. Bila yeye huenda Caserta isingejulikana popote. Tunasema kwamba safu ya pointi ni safu moja tu, na ubingwa unatafutwa kwenye safu zote. Shabiki anayesoma safu moja atashangaa kila msimu unapoisha.

Tushuke chini ya karatasi, kwenye mstari wa jumla ya timu. Huko kuna mambo ambayo kocha anayatazama kwanza kabla ya jina la mtu yeyote. Timu mbili zinaweza kutupa kwa asilimia ile ile na bado moja ikashinda kwa mbali. Kwa nini? Tuseme moja imepoteza mipira mitano pungufu kuliko mwenzake, na imedaka ribaundi tano zaidi za kushambulia. Hizo ni nafasi 10 za ziada za kutupa. Nusu yake zikiingia kwa pointi mbili mbili, tayari ni pointi 10, na hakuna aliyetupa vizuri kuliko mwenzake. Kwenye soka ni ile timu inayonyang'anya mpira juu na kugombea kila mpira wa pili. Shabiki anasema wana bahati. Kumbe wana hesabu.

Na kuna ile namba ya pili ya kufunga mstari, yenye alama ya jumlisha na toa. Inauliza swali moja tu: wewe ulipokuwa uwanjani, timu ilipata nini na ilipoteza nini? Kama umeingia timu iko mbele kwa mbili na umetoka iko mbele kwa tisa, umeandikiwa saba za kujumlisha, hata kama hukufunga pointi yoyote. Uzuri wake ni kwamba haidanganyiki kirahisi. Timu ina watu watano uwanjani kwa dakika 40, kwa hiyo safu ya dakika lazima ijumlishwe iwe 200. Na kwa kuwa kila pointi inaandikwa kwa watu watano, jumla ya safu ile lazima iwe tofauti ya matokeo mara tano.

Tuitumie kwenye mechi ya kweli. Juni 2023, mechi ya saba ya fainali, Milano nyumbani dhidi ya Virtus Bologna, mshindi ni bingwa. Matokeo: Milano 67, Virtus 55. Tofauti ni 12, kwa hiyo wachezaji wa Milano kwa pamoja waligawana 60 za kujumlisha, na wale wa Virtus 60 za kutoa. Ushindi umegawanywa kwa kila aliyekanyaga uwanja, na kipigo vivyo hivyo. Hakuna wa kubebeshwa msalaba peke yake.

Tazameni pia hizo 55. Kwa timu ya kiwango cha Virtus, pointi 55 katika dakika 40 za mechi ya ubingwa ni njaa. Mechi ile ilishindwa kwa ukabaji. Kocha wa Milano alikuwa Ettore Messina, na kwake si jambo geni. Miaka 25 nyuma, Aprili 1998, Messina huyo huyo alikuwa upande wa Virtus alipobeba ubingwa wa Ulaya kwa kuifunga AEK ya Athens 58-44. Pointi 44 katika fainali ya Ulaya! Na mchezaji bora wa fainali ile ya 2023 alikuwa Luigi Datome, mkongwe wa miaka 35 aliyestaafu baada ya kiangazi hicho. Ubingwa ule ulikuwa wa 30 kwa Milano.

Mpaka hapa mtu atadhani tunataka soka liendeshwe na kikokotoo. Hapana, maana karatasi nayo ina upofu wake, na aliyeuonyesha upofu huo ni mtu wa Bologna.

Bologna ni mji mmoja wenye timu mbili zisizopikika chungu kimoja, Virtus na Fortitudo. Sisi wenye Simba na Yanga hatuhitaji maelezo zaidi. Mei 31, 1998 timu hizo zilikutana mechi ya tano ya fainali, ya mwisho, anayeshinda bingwa. Zimebaki sekunde zisizofika 20, Fortitudo iko mbele 72-68. Mserbia wa Virtus, Predrag Danilović, anarusha mtupo wa pointi tatu. Anayemkaba ni Dominique Wilkins, Mmarekani aliyewahi kuwa mfungaji bora wa NBA mwaka 1986. Mpira umeingia, na mwamuzi amepuliza faulo. Danilović akaenda kutupa mtupo huru, akaingiza. 72-72. Dakika za nyongeza Virtus wakawafunga 14-5, mchezo ukaisha 86-77.

Sasa andika tukio hilo kwenye karatasi. Danilović: mtupo wa pointi tatu, mmoja kati ya mmoja. Mtupo huru, mmoja kati ya mmoja. Faulo aliyochezewa, moja. Kwenye tathmini ni 5. Wilkins: faulo aliyocheza, moja. Kwenye tathmini ni toa 1. Basi. Faulo iliyoondoa ubingwa mfukoni imehesabiwa sawasawa na faulo ya dakika ya tatu katikati ya uwanja. Karatasi haikusikia ule ukumbi, wala haikujua zimebaki sekunde ngapi.

Ndiyo maana tunasema soma karatasi, lakini mechi itazame. Penalti ya dakika ya nne na penalti ya dakika ya 94 ni mkwaju mmoja kwenye takwimu, lakini anayezipiga anajua si mkwaju mmoja. Na kocha anayemtazama kiungo akiziba njia ya pasi, mpira usipigwe kabisa, anaona kazi ambayo hakuna safu ya kuiandika.

Karatasi inategemea pia uaminifu wa wanaoijaza. Mwaka 1989 Livorno walishangilia ubingwa nyumbani kwao kwa kikapu cha sekunde ya mwisho, kisha waamuzi wakakikataa kwamba muda ulikuwa umekwisha, na Milano akawa bingwa kwa 86-85. Maneno yake hayajaisha mpaka leo. Mwaka 2005 Milano ikapata zamu yake. Iko mbele 65-64, Ruben Douglas wa Fortitudo anatupa wa pointi tatu wakati kengele inalia. Safari hii waamuzi wakaenda kutazama marudio ya video, wakathibitisha: kikapu halali, 67-65, Fortitudo bingwa. Tunaolalamika kuhusu VAR tukumbuke kwamba wenzetu wa kikapu waliamua ubingwa kwa video mapema hivyo, kwa sababu pointi tatu zikiandikwa kwa makosa haziwezi kufutwa kwa kelele.

Turudi nyumbani, maana hoja yetu iko huku.

Hatuwezi kusema mashabiki wetu hawapendi namba. Wanazipenda sana, ila za mkeka. Kijana anajua timu ya daraja la pili ya Norway imetoa kona ngapi mechi iliyopita, halafu kiungo wa timu yake mwenyewe hajui anapoteza mipira mingapi kwa mechi. Namba tunazisoma kutafuta hela, hatuzisomi kumtendea haki mtu. Mkeka ukichanika, lawama zote kwa aliyekosa goli la wazi.

Na lawama hizo zina bei. Mchezaji ni mtu mwenye mkataba wa msimu mmoja au miwili, mwenye familia, mwenye wadogo zake wanaosoma kwa mshahara huo. Klabu zinasikia jukwaa. Jukwaa likiimba "atoke" wiki nne mfululizo, dirisha dogo likifunguliwa ataondoka, hata kama benchi la ufundi linajua kwamba bila yeye timu hairudi nyuma kukaba. Anayeumia kwa hukumu ya safu moja ni beki, ni kiungo mkabaji, ni kipa wa akiba, ni straika anayetumwa kuvuta mabeki ili mwenzake afunge.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Wanaosimamia ligi yetu walifanye liwe jambo la lazima na la kawaida: mechi ikiisha, karatasi kamili ya kila mchezaji iwe mikononi mwa shabiki usiku ule ule. Isiwe ya wafungaji na kadi peke yake. Iwe na pande mbili kama ya Waitalia: faulo alizocheza na alizochezewa, mipira aliyopoteza na aliyonyang'anya, mashuti aliyopiga na yaliyolenga goli, na timu ilifungaje na kufungwaje yeye akiwa ndani. Klabu nazo zikimwacha mchezaji zijue kwamba mashabiki wanaweza kuuliza kwa namba. Na sisi wa magazeti tujitazame, maana orodha ya wafungaji tunaichapa kila wiki kwa herufi kubwa, lakini orodha ya walionyang'anya mipira mingi huioni.

Shabiki naye hana haja ya kusubiri mtu. Wikiendi hii chagua mchezaji mmoja, yule unayemzomea kuliko wote. Chukua karatasi na kalamu. Kila anapopoteza mpira weka alama upande wa kushoto, kila anaponyang'anya, anapochezewa faulo au anapotoa pasi inayozaa shuti, weka alama upande wa kulia. Fanya hivyo dakika zote 90, bila kuangalia simu.

Kama upande wa kushoto umejaa, zomea, una haki yako. Kama wa kulia umejaa, Jumatatu nenda nayo kijiweni, uiweke mezani kabla mtu hajataja neno garasa.